Mshale Kwenye Sifuri

Shairi hili halina mizani, mnisamehe.
Mizani zangu mimi ni za chuma,
zina ndoano, springi na mshale,
na kwa miaka kumi na moja, kwenye depo ya barabara ya Likasi,
kazi yangu ilikuwa kuzifundisha uongo.

Si uongo mkubwa.
Gunia la kilo mia lisome themanini na mbili.
Mchimbaji katoka shimoni, vumbi limemganda hadi kwenye kope,
anausoma mshale, ananisoma mimi,
nami nasoma karatasi.
Kilo kumi na nane zinabaki hewani,
kisha zinaingia kwa patroni kwa mlango wa nyuma.
Tusifichane: nililipwa vizuri.
Watoto walivaa viatu. Numbi alinunua friji.

Halafu asubuhi moja ya Juni, baridi ya kukata masikio,
wakashusha kwenye lori mizani mpya ya namba nyekundu,
inayojua kudanganya yenyewe.
Haili, haiugui, haina mtoto shuleni.
Barua yangu ilikuwa na mistari minne.
Jina langu walilikosea katika mstari wa pili.

Sitawaambia kwamba nilifurahi.
Niliuza friji.
Miezi mitatu nililala chali nikihesabu misumari ya bati,
na kila aliyeuliza nilimjibu, "Niko likizo."
Mpaka Numbi akasema mbele ya wageni:
"Likizo gani hii inayokula bukari mara mbili?"
Wageni walicheka. Nikatoka,
nikaenda kwa miguu hadi soko la Kenya, bila haja yoyote.

Huko mizani ya Mama Kapya, muuza samaki wakavu,
ilikuwa imefungwa kwa waya,
mshale umeganda kwenye nusu kilo hata ikiwa tupu.
Mteja anafoka, "Mwizi!"
Naye analia, analia kweli:
"Si mimi, ni chuma!"

Ni chuma.
Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Nikaomba bisibisi. Hakuwa nayo, akanipa kisu cha samaki.
Nikalipasua tumbo la ile mizani: kutu, magamba, springi iliyolegea.
Nikakaza, nikapangusa, nikauachia mshale.
Ukatetemeka, ukapita, ukarudi,
ukasimama kwenye sifuri.
Sikuwa nimeuona mshale kwenye sifuri
tangu nilipoajiriwa.

Alinilipa sahani ya samaki. Niliwala njiani kama mtoto,
nikafika nyumbani mikono mitupu inanuka.

Leo nina meza Katuba na mwanafunzi mmoja mtukutu,
mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu.
Wauza unga wananijua, na wauza misumari.
Zahanati huniletea mizani ya kupimia watoto wachanga;
hiyo naitengeneza usiku, redio imezimwa.
Friji haijarudi. Itarudi ikitaka, anasema Numbi.

Lakini ngojeni niwaambie la Nawej.
Alisimama mbele ya meza wiki iliyopita. Nilimjua kwa kope.
"Wewe ndiye wa depo."
"Ndiye."
Nilidhani atanipiga. Nikavua miwani.
Akasema, "Kundi letu linataka mizani yake,
na mtu wa kuisimamia. Tutakulipa kwa gunia."
"Kwa nini mimi?"
"Wewe unajua uongo unakaa wapi."

Kesho alfajiri tunapanda barabara ya Likasi,
Nawej, magunia, mimi,
na mizani begani, imeviringwa kitenge cha Numbi isiingie vumbi.
Nimeijaribu mara saba. Haina kosa.
Aliyelala ni Numbi peke yake.
Mimi niko hapa na kipande cha penseli,
nazidisha kumi na nane kwa magunia ya miaka kumi na moja,
na karatasi imekwisha kabla ya hesabu.